Mpishi Asiye na Pua

Watu wakisikia kwamba mpishi wa shughuli amepoteza pua, hucheka kwanza. Siwalaumu. Hata mie, lau ningesimuliwa habari ya mwingine, ningecheka, kisha ningeuliza swali lile lile wanaloniuliza wote: sasa anajuaje kama pilau imeiva? Anajua kwa macho, kwa mlio wa mafuta, kwa mkono unaogeuza mwiko. Lakini hajui kama imenoga, na kunoga ndiko anakolipiwa.

Napika shughuli Tanga mjini: arusi, hitima, maulidi, chakula cha wageni wa mahafali. Nimefundishwa na mama, naye alifundishwa na shangazi yake, na katika mafunzo yote hayo sikumbuki hata siku moja kushika kipimo. Vitunguu vinakaangwa mpaka harufu yake igeuke, si mpaka rangi igeuke, kwa maana rangi hudanganya ukipika usiku kwa mwanga wa kuni. Mama alikuwa akikaa barazani, kisogo kimeelekea jikoni, ghafla anapaza sauti: “Geuzeni, inashika chini hiyo!” Tukigeuza, kweli, inaanza kushika.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 tuliugua nyumba nzima. Siku zile tulikuwa tukisema “changamoto ya upumuaji”, na kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na nyungu yake. Ya kwetu ilikuwa na majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao yaliyokatwa na maganda yake, na tangawizi iliyopondwa. Niliinama juu ya sufuria, wakanifunika blanketi, nikavuta pumzi kwa nguvu. Jasho likatiririka, macho yakaniwasha, mvuke ukanichoma kooni. Harufu hakuna. Nikadhani wamenipa maji matupu. Nikachungulia: majani yamo, yanaelea, yameshaiva na kubadilika rangi. Nikamwita wifi yangu anuse. Akainamisha kichwa, akakohoa, akarudi nyuma. “Mbona kali hii!”

Mama hakuvuka. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nikapewa kafuri niiponde, kama nilivyomwona yeye akiwapondea wengine miaka yote. Chumbani watu walikuwa wakipenga kamasi na kujifuta macho, nami nimeshika kitu cheupe, baridi, kisichonukia. Udi ulifukizwa, sikuupata. Mawaridi yalimwagwa, sikuyapata. Arobaini ilipopita nilifungua sanduku lake, nikatoa kanga aliyoipenda, nikaiweka usoni. Ilikuwa kitambaa tu.

Kuhusu kazi, mwanzo hakuna aliyegundua, maana mikono ilikuwa bado inakumbuka. Mambo yaliharibika pale pua ilipoanza kurudi, kwa kuwa ilirudi kombo. Vitunguu vya kukaanga vikawa vinanuka uozo. Kahawa ikanuka mpira unaoungua. Nyama ikiguswa na moto, nilikuwa natoka jikoni mbio kwenda kutapika. Hebu fikiria mpishi wa pilau asiyeweza kusimama karibu na kitunguu! Kisha kuna usiku ambao mtungi wa gesi ulikuwa ukivuja, nami nimekaa palepale nachagua mchele, sina habari. Mtoto wa jirani alikuja kuomba ndoo, hakumaliza hata kusalimia: “Shangazi, gesi!” Tangu hapo nikaliogopa jiko langu mwenyewe.

Nilikonda. Chakula kilikuwa chumvi, sukari, uchungu na joto, basi. Usingizi ukanikimbia. Simu za wateja nikaacha kuzipokea, na malipo ya awali ya arusi mbili nikayarudisha. Wifi, kwa nia ya kunifariji, alikuwa akisema, “Mtu hafi kwa kukosa harufu.” Kweli, hafi. Lakini kuna namna ya kukaa chini mchana kutwa ukitazama ukuta ambayo nayo si kuishi.

Daktari wa masikio, pua na koo alinichorea kwenye karatasi. Juu kabisa ndani ya pua kuna eneo dogo lenye neva za kunusa. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba kirusi cha korona hakizivamii hasa neva zenyewe, bali seli zinazozizunguka na kuzihudumia. Habari njema, akasema, ni kwamba neva za kunusa ni katika neva chache za mwili zinazoota upya maisha yote. Habari mbaya ni kwamba zinapoota, nyuzi nyingine zinafika pasipo pao, ndipo kitunguu kinanuka mzoga. Akanipa zoezi lililopimwa na daktari wa Ujerumani, Thomas Hummel wa Dresden, na kuchapishwa mwaka 2009: kunusa harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Nilitaka kucheka. Karafuu iko kwenye kopo langu, limau na mkaratusi vilikuwa ndani ya nyungu, na waridi lilikuwa kwenye jeneza.

Nilifanya zoezi hilo vibaya, kwa hasira. Kila asubuhi lilikuwa mtihani, na kila asubuhi nilifeli.

Aliyenitoa nje ni muuguzi mmoja mstaafu, mteja wangu wa zamani. Alikuwa na kikundi cha watu wa kila aina: wajane, mwalimu aliyepata kiharusi, wauguzi wenzake waliochoka na wodi. Akaniambia wanakwenda hifadhi ya Amani kutembea msituni na mwongozaji.

“Kufanya nini huko?”

“Hakuna. Ndiyo shughuli yenyewe.”

Sipendi kupelekwa mahali sijui ninachoendea, kwa hiyo nikasoma. Kumbe jambo lenyewe lina ofisi na lina mwaka. Mwaka 1982 Tomohide Akiyama, mkuu wa idara ya misitu ya Japani, aliwahimiza wananchi waende msituni kwa ajili ya afya, akaliita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, na shughuli ya kwanza ikafanyika Akasawa, mkoa wa Nagano, chini ya miti mikubwa ya hinoki. Hakuwa na kipimo chochote cha hospitali wakati ule. Vipimo vilikuja baadaye sana. Mwaka 2005 daktari Qing Li wa Tokyo aliwachukua wanaume 12 wa mjini akawatembeza katika misitu ya Iiyama kwa siku tatu, akawatoa damu kabla na baada. Seli za kinga zinazoitwa NK, zile zinazowinda seli zilizoambukizwa na za saratani, zilikuwa zimechangamka. Watu 12 ni wachache, sinia mbili za pilau zinawatosha, lakini walau alihesabu.

Kilichonikwaza ni maelezo ya sababu. Miti hutoa mvuke wenye kemikali za kujilinda dhidi ya wadudu na vijidudu. Mrusi Boris Tokin ndiye aliyezipa jina la fitonsidi, karne iliyopita. Li alishuku hizo, na ili kuzipima aliwalaza watu hotelini mjini, chumbani mkifukizwa mafuta ya hinoki usiku kucha. Nikaiweka simu chini. Kama dawa iko kwenye harufu, mie naenda kuchukua nini?

Muuguzi hakusumbuka na swali langu. “Mvuke unaingia kifuani, uunuse usiunuse. Na bado una macho.” Alikuwa na hoja, ingawa sikuujua uzito wake mpaka niliposoma kazi ya Roger Ulrich, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 1984. Yeye alichukua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa 46 waliopasuliwa kutoa kifuko cha nyongo, akawalinganisha wawili wawili: mmoja kitanda chake kinatazama miti, mwenzake kinatazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hapo hapakuwa na harufu wala mvuke, palikuwa na kioo cha dirisha tu. Nami kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa ukuta.

Tuliondoka alfajiri. Muheza tukasimama kununua machungwa, kwa kuwa Muheza haipitwi bila machungwa, kisha barabara ikaacha lami na kuanza kutafuta milima. Lango la hifadhi liko Sigi, bondeni, kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walikuwa na reli yao nyembamba hapa ya kushushia magogo. Kutoka hapo gari linapanda kwa kona kali, masikio yanaziba, na joto la Tanga linabaki chini.

Mwongozaji alitusubiri juu, mzee Msambaa mwenye mabuti ya mpira na panga kiunoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuangalia mmoja mmoja bila haraka. “Kazi yangu miaka yote ni kutaja majina,” alisema. “Wageni wa ndege nawatajia ndege, wa vipepeo nawatajia vipepeo. Leo huyu mama kanikataza.” Akamnyooshea muuguzi kidole, wakacheka wote wawili. Masharti yalikuwa machache: simu zizimwe, maneno yabaki garini, na mtu asimpite mwenzake. Kwa saa mbili nzima hatukufika hata mwendo wa kilomita moja.

Nusu saa ya kwanza ilinichosha kuliko kupika. Alituambia tutembee tukitazama vitu vinavyotikisika tu. Mie nilikuwa nawaza fedha za arusi nilizorudisha, na kwamba mtungi wa gesi umebaki nyumbani na wifi. Jani limetikisika, haya, nimeliona, tena? Siafu wakanipanda mguuni ndani ya soksi, nikaruka na kupiga ukelele, na masharti ya ukimya yakaishia hapo kwa upande wangu. Mwalimu wa kiharusi, ambaye mkono wake mmoja hauinuki vizuri, alinisaidia kuwatoa kwa mkono mzima. Hakusema kitu. Alikuwa makini sana, anatoa mmoja mmoja, vichwa vimeng'ang'ania ngozi.

Baada ya siafu mambo yakabadilika, sijui kwa nini. Pengine ni kwa kuwa hasira ilipata mahali pa kutokea. Nilianza kusikia. Hondohondo akipita juu ya Amani, mabawa yake yanasikika kabla hujamwona, sauti nzito ya upepo unaokatwa, na kisha kelele yake ambayo haina adabu hata kidogo. Chini yake kulikuwa na maji mahali fulani. Chini ya maji kulikuwa na wadudu. Nilikuwa nimezoea kusikiliza sufuria kwa ajili ya kazi. Hapa nilisikiliza pasipo kutakiwa kuokoa chochote kisiungue.

Wanawake wa kijijini walitupita njiani, wametoka kuokota kuni, mizigo kichwani. Walitukuta tumesimama, kila mtu na mti wake, viganja juu ya maganda. Wakatazamana. “Mmepotea?” aliuliza mmoja. Mzee akawajibu kwa Kisambaa, wakaangua kicheko ambacho tulikisikia mpaka kwenye kona. Nimewaza sana kuhusu wale akina mama. Wao wanatembea humo siku za ruhusa wakiwa na mzigo shingoni, na hakuna anayewapima damu.

Tena, mtu asikudanganye kwamba Amani ni msitu ambao haujaguswa na mkono wa binadamu. Wajerumani walianzisha hapa taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara. Mikwinini walipanda wao, na vita vya kwanza vya dunia vilipowakatia njia ya bahari, kwinini ya askari wao ilitoka hapa. Mhesi uliletwa kupandwa, hondohondo wakapenda matunda yake, wakaueneza mpaka sasa unawasumbua wahifadhi. Chai imekata milima katikati. Hifadhi yenyewe, hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997. Mie hilo lilinifariji. Msitu huu nao umechanganyiwa, umekatwa, umeota kombo mahali, na bado unatoa maji.

Tulipofika kwenye bustani ya zamani ya Wajerumani mzee alishindwa kujizuia. Alichuma majani kwenye mti mkubwa, mabichi, yanang'aa, akatupa kila mtu moja. “Pondeni, mnuse.”

Wenzangu wakaponda. Mjane mmoja akasema inanukia dawa ya kuchua. Mwalimu akafumba macho. Mie nililikunja jani mara mbili, nikalisugua kati ya vidole mpaka likatoa maji, nikalipeleka puani bila matumaini. Harufu hakuna. Lakini kuna kitu kilipanda. Ubaridi. Uliingia tundu la kushoto kwanza, ukafika nyuma ya macho, ukakaa.

“Vipi, mama?” mzee aliuliza.

“Kinapoa.”

“Ndiyo. Hiyo ndiyo kafuri yenyewe, karafuu maiti.”

Niliketi kwenye mzizi. Daktari alikuwa amenieleza, ila nilikuwa sijamwelewa: ubaridi wa kafuri, mwasho wa pilipili, makali ya amonia, havipiti kwenye neva ya kunusa. Vina njia yao, neva nyingine kabisa inayohudumia uso mzima, na ile yangu haikuguswa na ugonjwa. Maana yake ni kwamba siku ile chumbani, wakati nikimpondea mama, ubaridi ule ulikuwa unapanda puani mwangu vilevile. Ulikuwepo. Nilikuwa nautafutia harufu, ndiyo maana sikuupata. Sikulia kwa uchungu pale, nililia kwa namna nyingine, na muuguzi, Mungu ampe maisha marefu, hakuja kunishika bega. Aliniacha.

Halafu mzee, kwa kuwa alikwisha kuvunja sharti, aliona avunje yote. Alituteremsha kwenye mwamba uliolowa kando ya kijito akatuonyesha mmea mdogo umejibana kwenye ufa, majani yana manyoya kama shavu la mtoto, maua ya zambarau, katikati kuna vidoti vya manjano. Ndio urujuani wa Usambara. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta mwaka 1892 akaupeleka kwao, na leo unauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Nikapiga magoti, pua karibu na ua, kwa mazoea.

“Usijisumbue,” alisema mzee. “Hilo halinukii. Dunia nzima wamelinunua, halinukii hata kidogo.”

Nilicheka kwa sauti mpaka muuguzi akageuka. Ua la nyumbani kwetu, fahari ya mkoa, halimdai mtu pua!

Kijito kile kinaingia mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo maji ya bomba ya Tanga mjini. Miaka yote napima maji ya mchele kwa kidole, sikuwahi kuuliza yametoka wapi. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mwisho tulikunywa chai, ya Amani, ya rangi, imetiwa mchaichai, kwenye vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Desturi ni kwamba kila mtu anasema alichokutana nacho, na asiyetaka anapitisha. Mwalimu alisema amehesabu siafu. Mjane mmoja alipitisha. Zamu yangu nilisema “ubaridi”, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Usiku ule nililala mpaka adhana.

Sasa niseme wazi yale ambayo watu wa namna hii ya matembezi wakati mwingine huyapaka mafuta. Msitu haukunirudishia pua. Na usingizi wa usiku mmoja si uponyaji. Wiki iliyofuata nilirudi kutazama ukuta. Muuguzi yule yule aliyenipeleka Amani alinipeleka pia kwa daktari wa afya ya akili, nikapewa dawa za sonona, nikazinywa kwa muda alioutaka daktari. Akitokea mtu akakwambia acha vidonge ukakumbatie mti, muulize anakula wapi. Na mwenye sonona ya kutaka kujidhuru asisubiri safari ya kikundi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kilichobadilika ni namna ya kunusa. Nilikuwa naitia kila harufu kwenye mtihani: ipo au haipo? Baada ya Amani nilikaa na karafuu mkononi polepole, nikauliza tu kuna nini hapa. Joto kidogo. Mchomo. Uzito wa kichwa cha karafuu kwenye kidole. Siku nyingine hakuna kabisa, nikaifunika nikaenda zangu. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukaa chini ya miti ya Raskazone, hapahapa mjini, bahari mbele, simu imezimwa; hakuna kiingilio wala mwongozaji. Amani nimerudi na kikundi kila nauli ilipopatikana.

Harufu ya kwanza ya kweli niliipata sokoni Ngamiani, si msituni. Mvua ilikuwa imenyesha, mtu kashusha gunia la mihogo mibichi, udongo mwekundu bado umeganda. Niliinama kuchagua nikapata udongo. Udongo hasa, mbichi, wa shambani. Nimesoma baadaye kuwa harufu hiyo hutolewa na bakteria walio ardhini, na pua ya binadamu ina ukali wa ajabu kwayo, inaipata hata ikiwa chembe. Muuzaji aliniona nimeshikilia muhogo usoni akasema, “Mama, huo ni mzima, hauna uchungu.” Nilinunua kilo nyingi kuliko nilizohitaji. Karafuu ilifuata baada ya muda, kisha limau. Iliki ilikuja siku mzee aliponipitisha kwenye shamba lake la kivulini, akakwanyua tawi lenye maganda ya kijani likiwa bado na matope. Nililinusa nikamwambia, “Hii naijua.” Akanijibu kwamba iliki ndiyo ilimaliza miti midogo mingi ya milima hii, watu wakifyeka chini wapate kuipanda, na yeye mwenyewe alifyeka ujanani. Hakunipa nafasi ya kufurahi kwa amani. Nampenda kwa hilo.

Kahawa bado. Nyama ya kuchoma bado. Kanga ya mama nimeijaribu tena, na nadhani muda umeshaiosha. Hata mwenye pua nzima asingepata kitu. Imefungwa kwenye mfuko, ipo.

Kazi nimeirudia nusu kwa nusu. Nimemwajiri binti mmoja wa mtaani mwenye pua kali na mdomo mkali zaidi. Anasimamia vitunguu na nyama, mie nasimamia mchele, maji, viungo na moto. Mwanzo alikuwa akiogopa kunisemea. Sasa ananiamuru jikoni kwangu. Juu ya mtungi wa gesi ana amri ya kuukagua kila akiingia.

Mzee wa Amani hunitumia iliki na pilipili manga kwa basi la Muheza, namlipa kwa simu. Mwezi ujao anaoza binti yake, na ametaka pilau ipikwe hukohuko mlimani, watu wengi, masufuria niyabebe mwenyewe. Tumebishana bei kwa simu hadi salio likaisha. Kuni kaahidi atatoa yeye. Vitunguu nitanunua huku, vya kwao amesema ni vidogo, ila nimemweleza kabisa asije akashangaa: siku ya kuvikaanga mie nitakuwa nimekaa juu kilimani, upande upepo unakotokea, na yule binti wangu wa pua kali ndiye atakayekuwa anapiga kelele.